Tarehe 4 ni ya nani?

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa Likasi, mwezi wa Desemba, wakati wa kutayarisha kumbukumbu ya tarehe 4 Januari. Tumeyaandika namna yalivyosemwa, tumepunguza kidogo tu.

Ba kaka, ba dada, na ninyi ba mama mulioketi kule nyuma, aksanti kwa kuja na hii mvua. Wengine najua walifuata umeme, wapate fasi ya kuchaji telefone. Hakuna mubaya. Telefone zikae ku ukuta, masikio yakae kwangu.

Juma iliyopita tulikuwa watatu. Tulitembea toka soko ya Kikula mpaka ku gare na swali moja tu: tarehe 4 Januari tunakumbuka nani? Haikuwa uchunguzi wa wataalamu, ilikuwa kaye moja na kalamu. Kijana mumoja wa taksi-moto akajibu bila kuzima mashine: «Lumumba! Si njo siku balimuuwaka?» Mama mumoja mwenye kuuzisha mikate akamukatalia palepale: «Hapana, ni Mzee Kabila, njo balimupikaka masasi mu Januari.» Mwanafunzi mumoja wa chuo kikuu, shati imenyooshwa vizuri, akatuambia ni Genocost. Baba mumoja akasema: «Ni ba martiri ya ile stade ya Kinshasa.» Na mutoto wa miaka kama kumi akatushinda wote: «Ni siku ya konje.» Hata yeye alikosea kidogo, juu tarehe 4 wanafunzi wengi wangali mu konje ya Noeli, konje ndani ya konje.

Mutu asicheke. Mimi mwenyewe, nilipokuwa darasa ya sita, niliandika ku karatasi ya masomo kwamba Lumumba aliuawa tarehe 4 Januari 1959. Yaani nilimuua mwaka mumoja na nusu mbele awe waziri mukuu. Na mwalimu akaniwekea alama nyekundu ya kweli! Nilienda na ile karatasi nyumbani, baba akaisoma, akafurahi. Watu watatu, mutoto, mwalimu na muzazi, na hakuna aliyeona kitu. Nilikuja kujua kosa langu nyuma ya miaka mingi, nikisoma kitabu ya mutu mwingine ndani ya bisi.

Sasa tujiulize: juu ya nini tunachanganya? Si kwa sababu sisi ni wajinga. Angalia majina yenyewe. Tarehe 4 Januari serikali inaita siku ya «martyrs de l'indépendance». Tarehe 16 Januari ni siku ya «héros national». Tarehe 17 Januari, kesho yake, tena «héros national». Ndani ya juma mbili uko na martiri, ero na ero. Ongeza kwamba Mzee Kabila alikufa miaka arobaini kasoro siku moja nyuma ya Lumumba. Mutu ambaye anatafuta unga asubuhi hawezi kubeba hayo yote mu kichwa. Anabeba kitu kimoja: Januari walikufa watu wakubwa, maduka yanafungwa.

Na ukigeuza kwa Swahili, inakuwa mubaya zaidi. Martyr tunasema nini? Shahidi. Lakini shahidi ni pia mutu anayesimama mbele ya juji kusema aliona nini. Nkambo yangu aliniuliza siku moja: «Ile siku ya mashahidi, banaenda kushuhudia kesi gani?» Nikacheka, halafu nikakaa kimya, juu swali lake liko sawa kabisa. Kesi gani? Nani alipiga masasi, nani alitoa amri, nani alikufa? Jina halisemi. «Mashahidi ya uhuru», basi. Ni kama walikufa kwa ugonjwa unaoitwa uhuru.

Basi tuanze na hao wa tarehe 4, juu njo wanatuita hapa.

Mwaka 1959, tarehe 4 Januari ilikuwa siku ya Mungu. Mu Léopoldville, Kinshasa ya leo, chama cha ABAKO cha Joseph Kasa-Vubu kilikuwa kimeitisha mukutano ku YMCA, mu Kalamu. Wakubwa wa kikoloni hawakutoa ruhusa. Lakini watu walikuwa wamekwisha kufika, na mukirudisha watu wengi nyumbani bila kuwaambia kitu cha maana, munajua inafanyika nini. Saa ileile maelfu wengine walikuwa wanatoka kuangalia mpira. Makundi mawili yakakutana mu barabara. Ikawaka. Siku zilizofuata Force Publique ilipiga masasi mu ma komine ya watu weusi. Hesabu ya serikali ya kikoloni ilikuwa wafu karibu 50, na watu wa kule wanasema ni mamia. Kasa-Vubu akafungwa. Na tarehe 13 Januari, siku tisa tu nyuma, mufalme Baudouin akasema ku radio kwamba Ubelgiji utapeleka Kongo ku uhuru.

Siku tisa! Miaka na miaka ya barua, ya kuomba kwa heshima, ya «musubiri kwanza», halafu siku tisa.

Wale waliokufa hawakuwa ma ministre. Wengi walikuwa vijana wa muji, wengi bila kazi, kama nusu ya watu walio hapa leo. Na tusiwapake rangi nzuri kupita ukweli: siku zile maduka yaliporwa, hata misioni zilishambuliwa. Walikuwa watu wenye hasira, si malaika wa ku picha. Lakini tunajua majina yao? Mutu mumoja hapa, anipe jina moja. Moja tu.

(Kimya.)

Munaona. Tunasema «mashahidi» kwa wingi, na ule wingi njo unawameza. Lumumba ana jina, Kabila ana jina, wale wa tarehe 4 wana paka hesabu, na hesabu yenyewe inabishaniwa. Kwa hiyo taksi-moto akiulizwa, anatafuta mu kichwa chake jina la mutu aliyekufa Januari, anapata Lumumba, anamuweka pale. Si kosa la kumbukumbu yake. Fasi ilikuwa wazi, akaijaza.

Tuje ku 16 na 17. Hapa Likasi ni fasi ya kusema polepole, juu hizi siku mbili zinatugusa ndani ya nyumba.

Mzee Laurent-Désiré Kabila, aliyepigwa masasi na mulinzi wake mu Kinshasa tarehe 16 Januari 2001, watu wengi wa hapa wanamuhesabu mutoto wa Likasi. Kuna vitabu vinavyosema alizaliwa hapa, wakati muji ungali unaitwa Jadotville, na vingine vinasema ni Moba. Sitaingia mu hiyo vita leo. Nataka tu muone kwamba kwa mama wa mikate, Januari ni Kabila. Ni mwana wa nyumbani. Kwake hakuna kosa.

Na Lumumba? Tarehe 17 Januari 1961 walimuleta na ndege mpaka Elisabethville, Lubumbashi ya leo, yeye na wenzake wawili. Walishuka wamepigwa, usiku uleule wakauawa mu pori, fasi inaitwa Shilatembo. Ni ku barabara yetu hii ya kwenda Lubumbashi. Kila mara munapanda bisi kwenda kutafuta karatasi ao kuona dakitari, munapita karibu na pale. Mwaka 2022, mwezi wa Juni, Ubelgiji ulirudisha kitu kimoja: jino. Waliliweka mu sanduku, likazungushwa mu nchi, likapita Lubumbashi na Shilatembo, likazikwa Kinshasa tarehe 30 Juni. Jino moja, juu mwili waliuyeyusha na asidi.

Lakini nilisema wenzake wawili. Ni nani? Maurice Mpolo na Joseph Okito. Okito alikuwa makamu wa mwenyekiti wa Seneti. Mpolo alikuwa waziri wa vijana na michezo. Wa vijana, sikieni vizuri! Waziri wetu wa kwanza kabisa wa vijana aliuawa ku barabara ya Likasi, na siku yake imeandikwa kwa jina la mutu mwingine. Simuondolee Lumumba kitu. Nasema tu kwamba usiku ule walisimamishwa watatu, na kalandari ilibaki na mumoja. Tarehe 17, mukisema «siku ya ero», mumekwisha kumupoteza Mpolo mara mbili: mara ya kwanza juu siku ni ya Lumumba, mara ya pili juu mumeondoa hata Lumumba, mumebakiza neno «ero» tu.

Na yule baba wa «martiri ya stade»? Huyu alinifundisha kitu, juu nilirudi nyumbani kusoma. Ile stade kubwa ya Kinshasa, mbele iliitwa Kamanyola. Kisha ikaitwa Stade des Martyrs, na watu wengi, mimi pia, tulifikiri ni wale wa 1959. Hapana. Jina lake kamili ni Stade des Martyrs de la Pentecôte, mashahidi wa Pantekote. Ni wanaume wane: Évariste Kimba, Emmanuel Bamba, Jérôme Anany na Alexandre Mahamba. Mobutu aliwashitaki kwamba wanataka kupindua serikali, wakanyongwa mu muji mukuu mbele ya umati mukubwa, mwanzo wa Juni 1966.

Na sasa muvute kiti. Kimba alikuwa mutu wa kwetu, Mukatanga. Mwisho wa 1965 aliitwa kuwa waziri mukuu wa Kongo kwa muda mufupi. Lakini mwaka 1961, wakati Lumumba anauawa, Kimba alikuwa nani? Waziri wa mambo ya inje mu serikali ya Katanga ya Tshombe. Yaani shahidi huyu alikuwa waziri mu serikali ambayo shujaa yule aliuawa mikononi mwake. Na Mobutu yuleyule aliyemunyonga Kimba mu Juni 1966, mwezi uleule akatangaza Lumumba kuwa shujaa wa taifa. Mukiwaweka wote mu kapu moja ya «mashujaa na mashahidi waliomwaga damu yao kwa taifa», mumefanya nini? Mumefunga mudomo ya historia. Hawa watu walikuwa na mabishano kati yao, mabishano ya kufa na kupona, na sisi wa Katanga ni watoto wa mabishano hayo. Mu nyumba moja hapa Likasi, nkambo mumoja analia Lumumba, mwingine anamusifu Tshombe, na wanakula bukari mu sahani moja.

Njo maana siamini mutu anayesema: «Majina si kitu, muhimu ni kukumbuka.» Kukumbuka nini? Kiongozi yeyote anaweza kusoma hotuba moja tarehe 4, tarehe 16 na tarehe 17, abadilishe tarehe tu. Neno «mashahidi» linamupa nafasi ya kulia bila kumutaja muuaji. Neno «mashujaa» linamupa nafasi ya kusifu bila kusema mutu alitaka nini. Halafu anatuambia: muige mufano wao. Mufano gani? Wa 1959 walikaidi mukutano kukatazwa. Leo kijana akikaidi, munajua analala wapi.

Tusifikiri ni Kongo peke yake. Uganda wana siku ya mashahidi tarehe 3 Juni, na siku ya mashujaa tarehe 9 Juni, siku sita kati yao. Lakini mashahidi wale ni wa imani, wale wa Namugongo wa mwaka 1886, na mashujaa ni wa mambo ya siasa. Burundi wana Rwagasore tarehe 13 Oktoba na Ndadaye tarehe 21 Oktoba, mumoja wanamuita shujaa wa uhuru, mwingine shujaa wa demokrasia. Zinakaribiana sana, ila jina la mutu limo, na sababu pia imo.

Na Angola! Hii ilinishitua. Angola, jirani wetu wa reli ya Lobito, nao wana kumbukumbu ya mashahidi tarehe 4 Januari. Tarehe ileile, jina karibu lileile. Wanaita mashahidi wa ukandamizaji wa kikoloni. Ukitafuta ku telefone «martyrs 4 janvier» unaweza kuangukia hao, ukafikiri ni wetu. Lakini wao ni wakulima wa pamba wa Baixa de Cassanje, mu jimbo la Malanje, waliokataa mwaka 1961 kulimia kampuni pamba ya lazima, wakapigwa. Wafanyakazi waliosema: hapana, bei hii hatufanye tena. Angola iliwapa siku.

Sasa ninafika fasi niliyotaka kufika tangu mwanzo, na mutanisamehe nilizunguka.

Sisi Likasi tuko na watu wa namna ile. Mu Desemba 1941, wakati wa vita ya dunia, Union Minière ilikuwa inatoa shaba usiku na mchana kwa ajili ya vita ya wazungu. Bei ya vitu ilipanda, mushahara ukabaki chini. Wafanyakazi weusi waliomba kitu kidogo: toka faranga 1,50 kufika faranga 2 kwa siku. Nusu faranga! Mugomo ulianza mwanzo wa mwezi, ukashika Jadotville, ukashika Elisabethville. Na masasi ya kwanza hayakupigwa Elisabethville. Yalipigwa hapa. Askari walifungua masasi juu ya wagomaji wa Jadotville, watu 15 wakafa.

Tarehe 9 Desemba ikaja zamu ya Elisabethville. Waliwaita wagomaji mu uwanja wa mpira, eti kuja tuongee. Kiongozi wao Léonard Mpoyi akauawa pale, kisha askari wakapiga masasi mu umati. Serikali ya kikoloni ilikubali wafu kama 30, wanahistoria wanaandika 60 mpaka 70. Lubumbashi angalau walibaki na kitu mu macho: mu miaka ya 1970 muchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora historia nzima ya nchi, na yale mauaji ya uwanja yamo, watu wanayaona mpaka leo mu vitabu. Léonard Mpoyi angalau ana jina.

Na wetu 15? Niliuliza Shituru, niliuliza Panda. Muzee mumoja, alifanya kazi Gécamines mpaka ilipomuacha bila mushahara, akaniangalia muda murefu. Akasema: «Mutoto, munaenda kutafuta ba martiri Kinshasa, na bale ya hapa njo munakanyaga.» Baba yake alikuwa mu kambi ya wafanyakazi mwaka ule. Alimuambia kitu kimoja tu, na muzee anakirudilia namna alivyosikia: siku ile usiku ba mama walipika, na kuna masufuria yaliyobaki juu ya makaa mpaka asubuhi, juu mwenye kula hakurudi.

Sina jina la hata mumoja kati ya wale. Niko na masufuria.

Na munajua dunia inajua Jadotville juu ya nini? Juu ya filamu. Mwaka 2016 walitoa filamu ya askari wa Ireland waliokuwa hapa na Umoja wa Mataifa, mu Septemba 1961, karibu watu 150, wakazungukwa na jeshi la Katanga siku kadhaa. Walipigana vizuri, risasi na maji vikaisha, wakajitoa. Hakuna Muireland aliyekufa mu vita ile, hata mumoja. Wamepewa medali na serikali yao, medali yenye jina la muji wetu. Siwaonee wivu. Walipigania heshima yao miaka mingi, juu kwao waliitwa waoga, na mwishoni nchi yao ikasema ukweli. Lakini angalieni hesabu: wasiokufa wana medali inayoitwa Jadotville, na waliokufa Jadotville hawana hata kibao.

Kaka mumoja pale ananyoosha mukono tangu zamani. Najua utasema nini: «Watu wako na njaa, weye unatuletea tarehe.» Nimekusikia. Wale 15 pia walikuwa na njaa, njo kisa chenyewe. Mukisema «mashahidi ya uhuru» kwa wote, munasikia bendera na wimbo. Mukisema «wagomaji wa nusu faranga», munasikia mushahara. Mufanyakazi wa leo mu machimbo hapa pembeni, anayefanya kazi kwa mukataba wa siku kwa siku, ni neno gani kati ya hayo mawili linamuhusu? Na ni neno gani wakubwa wanapendelea?

Kuna jina moja mupya linalonifurahisha kidogo, ni Genocost. Lilianzishwa na vijana Wakongomani wa London mwaka 2013, na sheria ya Desemba 2022 ikalitia mu kalandari ya nchi: tarehe 2 Agosti, siku vita ya 1998 ilianza. Ukilifungua ndani unapata neno la kuangamiza watu na neno la bei, yaani kuua watu kwa ajili ya faida. Linasema sababu. Ubaya wake ni kwamba nkambo yangu hawezi kulitamka. Na linakuja kesho ya tarehe 1 Agosti, siku ya wazazi, tunapoamka asubuhi kwenda kulima majani ku makaburi. Mimi naona ni bahati. Jembe liko bado mu mukono.

Nibakize jambo moja ambalo litawaumiza wengine hapa ndani. Mwaka 1992, hapa Likasi, ku gare hii tulipomalizia kutembea juma iliyopita, maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa mu nyumba zao, wakalala chini wakingoja treni. Walikuwa majirani. Kuna watoto na wazee walikufa mu hali ile. Wale hawako martiri, hawako ero, hawakwenda kupigania kitu. Walikuwa wanaishi tu. Kalandari yetu haina neno kwa mutu aliyeuawa bila kuwa shujaa. Sijasema tuwatafutie siku leo. Nasema tukipita ku gare na mabango ya «mashahidi», tukumbuke kwamba kuna mama pale anauzisha ndizi na alilala ku ile sima akiwa mutoto, na anatuangalia tunapita.

Basi tarehe 4 tunafanya nini? Tulibishana sana mu kamati. Wengine walitaka tuombe siku mupya ya taifa kwa wa 1941. Mimi nilikataa, na ninakataa mpaka leo. Siku moja zaidi, jina moja zaidi lenye «martyr» ndani, na nyuma ya miaka mitano mutoto ataandika kwamba Lumumba aliongoza mugomo wa Shituru. Ninataka kitu kidogo na kigumu. Kibao kimoja Shituru, kimeandikwa: hapa Jadotville, Desemba 1941, askari waliua wafanyakazi 15 wa Union Minière waliogoma kwa faranga 2. Hakuna «shujaa», hakuna «shahidi». Nani, wapi, lini, na nani aliua. Barua ya kwenda kwa meya iko tayari, iko ku meza pale, muisome mbele ya kutia sahihi. Mukiona kosa ya kifaransa museme.

Na tarehe 4 yenyewe, hakuna mutu atabeba karatasi iliyoandikwa «mashahidi» peke yake. Ukibeba, andika yote: Léopoldville, 4 Januari 1959, Force Publique. Tarehe 17, karatasi tatu, si moja: Lumumba, Mpolo, Okito. Na yule atakayeuliza pembeni ya barabara «hii ni ya nani?», usimupe hotuba. Mujibu kwa jina, umuache aendelee na safari yake.

Kazi kubwa ni ya wazee. Mwenye nkambo aliyefanya kazi Union Minière ao Gécamines, mwenye mama aliyezaliwa mu kambi ya Shituru ao Panda, aende kumuuliza mbele ya Noeli. Na telefone, urekodi sauti, umuombe ruhusa kwanza. Usimuulize «unajua martiri gani?» Atakupa Lumumba. Muulize: mwaka wa mugomo, nani hakurudi nyumbani? Tukipata jina moja tu kati ya 15, mimi nitaridhika mwaka huu.

Wenye telefone zimejaa, kuja hapa mbele tugawane ma kartie. Kikula iko na watu wa kutosha. Shituru inakosa watatu, na mumoja wao lazima asikie vizuri Kisanga, juu kuna muzee kule hapendi Swahili yetu.